Utepe wa Kituo cha Watoto wa Mbwa, Morulane

(Maneno haya nimeyaandika mimi Gofaone, karani wa kgotla, baraza la kijiji cha Morulane, neno kwa neno kama kazi yangu inavyonitaka. Yaliyo ndani ya mabano ni yangu. Msemaji ni Rra Modisaotsile Kebadire, Naibu Mratibu Mkuu wa Wanyama wa Nyumbani, aliyekuja kufungua kituo cha kutenga watoto wa mbwa. Alitarajiwa saa mbili, akafika saa nne. Aliyesimama nyuma kabisa na baiskeli yake ni Rra Dikgang, mganga wetu wa mifugo. Kwenye kasha la barafu alilofunga nyuma ya baiskeli mna dozi tisa za chanjo, alizozifuata mjini alfajiri.)

Mheshimiwa Kgosi Motlhabane, chifu wa kijiji hiki, mwenye kgotla hii na mwenye mvua yake; waheshimiwa wajomba wa Kgosi mlioketi kwa mpangilio wa kuzaliwa; mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, ambaye ametuma udhuru, na udhuru wake nimeupokea kwa heshima zote unazostahili; waheshimiwa wachungaji wa makanisa yote matatu, na yule wa nne ambaye bado anajisajili; mheshimiwa mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kijiji, mheshimiwa makamu wake, na mheshimiwa mama aliyewapangia viti; akina Rra, akina Mma; na ninyi watoto wa mbwa mliopakatwa hapa, ambao kwa mara ya kwanza katika historia ya wilaya hii ndogo mnatajwa kwenye hotuba ya serikali kama wadau: itifaki imezingatiwa. Pula!

(Watu waliitikia Pula! maana mvua ndiyo baraka yetu. Kijibwa mmoja alibweka. Rra Kebadire alimwinamia kumshukuru.)

Kabla sijaanza kuanza, naomba niwaombe radhi kwa ukubwa wa spika mnazoziona juu ya paa la gari langu. Nimeagiza zifungwe makusudi, pamoja na hiki kipaza sauti kidogo kilichobanwa kwenye kola ya koti langu, ili ujumbe huu umfikie hata yule aliye machungani, hata yule mgonjwa aliyelala ndani, hata ng'ombe ikibidi, kwa sababu falsafa ya ofisi yangu ni kwamba maendeleo yasiyosikika hayajatokea.

(Makofi ya adabu.)

Leo ni siku kubwa. Leo tunafungua Kituo cha Kisasa cha Karantini ya Watoto wa Mbwa wa Morulane, kituo ambacho mimi binafsi, nikiwa nimeketi kwenye kiti changu, bila kulazimishwa na mtu, nilikiona kwa macho ya ndani. Upande wangu wa kulia mnaona utepe. Ni utepe mwekundu, wa hariri, umefungwa kutoka kwenye mlingoti wa bendera hadi kwenye nguzo ya zizi la matimela, yaani ng'ombe waliopotea. Kulia zaidi mnaona bango lenye picha ya jengo. Na chini ya turubai mnaona umbo la friji, ambalo naomba asilifungue mtu yeyote kabla ya wakati wake.

Sauti kutoka nyuma: Rra, samahani! Barafu inayeyuka!

(Huyo ni Rra Dikgang. Ni mtu mpole, hajawahi kupaza sauti kgotla hapa tangu ahamie.)

Namshukuru mtaalamu wetu kwa taarifa hiyo ya kitaalamu. Tutaiingiza kwenye mpango kazi. Lakini nikumbushe wote kwamba chanjo ni sehemu ya kituo, na kituo hakiwezi kufanya kazi kabla hakijafunguliwa, na hakifunguliwi kabla ya utepe kukatwa, na utepe haukatwi kabla ya hotuba. Huo ndio utaratibu. Taifa lisilo na utaratibu ni sawa na jiko lisilo na mafiga.

Mma Seipati: Mafiga yapo, Rra, ila chungu chako hakiingii motoni! Tupe ruhusa tuwachome sindano, utahutubia baadaye hadi kesho!

(Kicheko. Mma Seipati ni mjane wa aliyekuwa fundi wa visima. Alikaa safu ya mbele na mjukuu wake Larona, mwenye miaka minane, na mikono yao ilikuwa mitupu.)

Mma, mafiga nimeyasikia. Nimelelewa na bibi kama wewe, naujua ukali huo, na ninauheshimu. Lakini wewe mwenyewe unajua kwamba maneno ya kgotla yote ni mazuri, na hakuna anayemkata mwenzake kauli.

Mma Seipati: Mazuri kweli. Lakini barafu haijui desturi za kgotla.

(Kicheko kikubwa. Kgosi alikohoa, watu wakatulia.)

Nirudi kwenye historia, kwa sababu mradi usio na historia hauna ripoti. Mwezi uliopita, kwa kutambua kwamba kaya nyingi za Morulane zimeibiwa kuku, mbuzi, na katika tukio moja la kusikitisha sufuria ya seswaa, nyama ya kupondwa, ikiwa bado ya moto, ofisi yangu ilibuni mpango wa Kila Kaya Mbwa Wake. Tukakusanya watoto wa mbwa arobaini. Kumi na tano walitoka kwenye vituo vya ng'ombe huko mbugani, kumi na wanne walikuwa wa yule jike wa polisi na dada yake, na kumi na mmoja waliokotwa kwenye boksi la sabuni kando ya barabara ya mjini, wakiwa wamechoka kidogo na matumbo yao yakiwa, niseme, na shughuli nyingi.

(Nyuma yangu mtu alisema, "Walikuwa wanaharisha, sema tu." Nimeandika kwa kuwa nilisikia.)

Sasa swali lilikuwa: tuwaweke wapi kwa zile siku nne kabla ya hafla ya kuwagawa? Watu wa fikra finyu wangesema kila mmoja akae peke yake. Mimi nikajiuliza, je, sheria inasemaje? Nikafungua sheria, akina Rra na akina Mma, na sheria ya watoto wa mbwa haikuwepo. Lakini sheria ya matimela ipo! Ng'ombe aliyepotea hupelekwa zizini, hutangazwa, huandikwa alama zake, husubiri mwenyewe. Nami nikasema, mtoto wa mbwa asiye na mwenyewe ni nini kama si ng'ombe aliyepotea ambaye ni mdogo? Basi tukawaweka wote arobaini kwenye zizi la matimela, wakanywa kwenye hori moja, wakalala pamoja, wakalambana, ili wazoeane na kujengeana uwezo.

(Hapa hakuna aliyecheka. Wanawake wawili walisonya.)

Na kila mmoja aliyemchukua alijaza Fomu Namba 4B, ambayo ni ileile ya ng'ombe, kwa sababu ofisi yangu haichezei karatasi za umma. Kulikuwa na manung'uniko kuhusu kipengele cha sita kinachouliza umbo la pembe. Lakini tazameni matunda yake! Wote mliandika "hana". Leo hii Morulane ndiyo eneo pekee, narudia, pekee, lenye takwimu rasmi zinazothibitisha kwamba asilimia mia moja ya watoto wa mbwa wake hawana pembe. Niambieni ni wilaya gani nyingine inaweza kusimama na kusema hivyo.

(Makofi kutoka kwa dereva wake.)

Rra Dikgang: Rra, niliandika barua! Nilisema kijibwa mgeni atengwe wiki mbili, chombo chake cha maji kiwe chake, wasichanganywe kabla ya kuchanjwa! Na barafu, Rra!

Barua yako tuliipokea, Rra Dikgang. Isidhaniwe kwamba ofisi yangu hupuuza barua. Tuliigonga muhuri. Tukaiundia kamati, na kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ilipokutana ikabaini kwamba barua hiyo ilikuwa na ukurasa mmoja tu, jambo lililotia shaka uzito wake. Wakati tunasubiri ukurasa wa pili, hafla ikawa imefika. Mliiona wenyewe. Watoto wa mbwa walivishwa riboni, wakapitishwa mkono kwa mkono kutoka kwa mjomba mkubwa wa Kgosi hadi kwa mtoto wa mwisho wa chekechea, kila mtu akawabusu, kwaya ikaimba, magwinya ya kukaangwa yakaliwa. Ilikuwa siku nzuri sana. Mimi mwenyewe nililia.

(Ilikuwa nzuri. Nilipewa namba kumi na saba. Alikuwa na doa jeusi sikioni.)

Baada ya siku tano kukajitokeza changamoto.

Sauti ya mwanamume: Changamoto! Wangu alitapika damu kwenye godoro la mama yangu!

Changamoto ya kiafya, Rra. Wataalamu wanaiita parvo. Ni ugonjwa wa tumbo unaoambukiza watoto wa mbwa kwa njia ya kinyesi, kwa njia ya hori, kwa njia ya viatu vya mtu aliyepita palipo na kinyesi, na kirusi chake, naambiwa, hukaa ardhini miezi mingi kikisubiri, kwa subira ambayo watumishi wengi wa umma wangefaa kuiiga. Sasa nitoe takwimu, kwa sababu kuna maneno yanasambazwa baa. Kati ya watoto wa mbwa arobaini, thelathini wamehitimu mapema kutoka kwenye mradi.

Mma Seipati: Wamekufa!

Wamehitimu, Mma.

Mma Seipati: Wamekufa, Rra Kebadire. Tumewazika nyuma ya shule. Larona hapa alishika taa ya simu kwenye mazishi ya namba kumi na tisa. Sema neno lenyewe, halikuumi.

(Hata Kgosi alimtazama msemaji. Namba kumi na saba alikufa Alhamisi, mikononi mwangu, na nilipiga kelele kama mtu aliyefiwa na ndugu. Sioni aibu kuliandika.)

Neno hilo, Mma, lina taratibu zake na fomu zake. Lakini tusiangalie tu upande mmoja. Walio hai ni kumi. Na kati ya hao kumi walio hai, asilimia mia moja wako hai! Hayo ndiyo mafanikio ninayotaka yaandikwe. Tisa wako kwenu. Wa kumi ni wangu, niliyemchukua kabla ya ugawaji kwa ajili ya ukaguzi wa ubora, na ambaye binti yangu Wame amempenda kupita kiasi. Anaitwa Itifaki. Analala miguuni pa kitanda cha mtoto. Ni mfano wa mbwa wa kisasa.

(Simu yake iliita. Aliitazama, akaizima.)

Ndiye huyo huyo Wame. Atakuwa anauliza Itifaki apewe nini chakula cha mchana. Tuendelee. Nasema tisa wako kwenu, na nimeagiza waletwe wote, lakini kwa hesabu ya macho naona wanane. Namba thelathini na tatu yuko wapi?

Larona: Setampa hakuja.

Nani?

Larona: Setampa. Ni mweupe kama setampa ya mahindi. Yuko kwenye banda la kuku.

(Mtoto alijibu amesimama, mikono nyuma, kama walivyofundishwa shuleni. Banda hilo liko ng'ambo ya barabara, unaliona ukiwa kgotla. Mma Seipati aliwahamisha kuku, akaisugua sakafu kwa jiki mara tatu, akaweka beseni mlangoni la kuoshea miguu. Setampa hakuwahi kukutana na mbwa mwingine tangu siku ya riboni. Wale wanane waliobaki walibaki kwa sababu wenye vijibwa hao walienda kumuuliza Mma Seipati anafanya nini, nao wakafanya hivyo hivyo. Hata leo hakuna aliyemweka wake chini.)

Banda la kuku! Akina Rra na akina Mma, mnaona kwa nini tunahitaji kituo? Mwaka huu, zama hizi, mdau wa serikali analala kwenye banda la kuku! Ndiyo maana natangaza rasmi, na karani aandike kwa herufi kubwa, kwamba mara tu utepe utakapokatwa, watoto wa mbwa wote tisa wataingia kituoni kwa karantini ya wiki mbili, chini ya uangalizi wa ofisi yangu.

Rra Dikgang: Kituoni wapi, Rra?

Kwenye kituo.

Rra Dikgang: Kiko wapi? Mimi naona utepe, bango, na majani.

Hapo unapoona majani, Rra, ni eneo la mradi. Jengo liko kwenye awamu ya pili. Katika awamu ya kwanza, kwa muda tu, wakati upembuzi yakinifu unaendelea, huduma zote za kituo zitatolewa kwenye zizi la matimela, ambalo tayari lina hori na uzoefu.

(Hapa palitokea kelele ambayo siwezi kuiandika neno kwa neno. Wenye vijibwa waliwakumbatia.)

Rra Dikgang: Zizi lile lina kirusi kila mahali! Ukiwaingiza hao tisa mle, wiki ijayo huna hata mmoja! Rra, nakuomba kama mdogo wako, wachanjwe, warudi kwao!

Larona: Setampa haendi zizini. Bibi, mwambie. Haendi.

Kgosi Motlhabane: Watu wangu, kaeni. Mgeni amalize. Akimaliza, kila mtu atapata zamu yake ya kusema. Ndivyo ilivyo.

(Watu walikaa. Mma Seipati alimtazama Rra Dikgang, akatazama kasha, maji yalikuwa yanadondoka kwenye gurudumu la baiskeli. Kisha akavua shali yake, akaikunjua vizuri, akaitandika kwenye kiti chake. Akamshika Larona mkono, wakaondoka.)

Asante, Kgosi. Kama nilivyokuwa nasema kabla ya jazba, kituo hiki kitakuwa na idara nne. Idara ya kwanza ni ya mapokezi, ambapo mtoto wa mbwa atapokewa, ataulizwa anatoka wapi, na majibu yake yatahifadhiwa. Idara ya pili ni ya utengaji, yenye vyumba arobaini vyenye madirisha yanayotazama mashariki, kwa sababu utafiti nilioufanya nyumbani unaonyesha mbwa hupenda jua la asubuhi. Idara ya tatu ni ya chanjo na mnyororo wa baridi. Idara ya nne ni ya kusimamia hizo tatu, na ndiyo itakayoanza kujengwa.

(Ieleweke: kwetu mtu haondoki kgotla wakati mwingine anasema. Lakini kila mtu huja na kiti chake, na mwanamume haingii bila koti, na mwanamke haingii bila shali. Kwa hiyo tangu zamani kiti chenye koti au shali huhesabiwa kuwa mtu aliyepo, amekwenda kujisaidia kidogo, anarudi. Wakati wa idara ya pili niliona koti la kwanza likivuliwa. Wakati wa idara ya nne baiskeli ya Rra Dikgang haikuwepo tena, na juu ya jiwe alipokuwa amesimama palikuwa na kofia yake.)

Niseme kuhusu elimu kwa umma, maana ndilo eneo ninalolipenda. Nimeandaa semina elekezi ya siku tatu kwa wenye vijibwa. Siku ya kwanza tutajifunza umuhimu wa semina. Siku ya pili tutajifunza dalili: mtoto wa mbwa anaacha kula, analegea, anatapika, anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Siku ya tatu ni picha ya pamoja. Na nimetunga kaulimbiu, naomba tuitikie wote. Nikisema "Mbwa wetu", mseme "Afya yetu". Mbwa wetu!

(Viti vilikaa kimya. Dereva wake na Kgosi waliitikia.)

Sijasikia. Mbwa wetu!

(Dereva peke yake. Kgosi alikuwa ameanza kusinzia. Nilihesabu makoti hamsini na mawili, shali thelathini na sita, na kofia moja. Ng'ambo ya barabara, mbele ya banda la kuku, palikuwa na mstari wa watu waliovua viatu, kila aliyeshika kijibwa amesimama mbali na mwenzake hatua tano kama walivyoambiwa. Walikuwa wanaingia mmoja mmoja.)

Nafurahishwa na utulivu wenu. Nimehutubia vijiji vingi, na mara nyingi watu huongea, hutafuna, huenda na kurudi. Ninyi mmetulia kama watu wanaoelewa. Kuna wanaosema Rra Kebadire anapenda hotuba kuliko kazi. Kwa watu hao najibu kwamba hotuba ndiyo kazi, na kwamba mimi niko tayari kukesha hapa nikifanya kazi. Je, mnaniunga mkono?

(Upepo uliinua mkono wa koti la mjomba mdogo wa Kgosi. Rra Kebadire alilipungia mkono.)

Nakuona, mzee wangu! Asante! Sasa nifikie shukrani, maana bila shukrani binadamu ni jiwe. Nawashukuru wasanifu ambao, wakianza, watachora. Nawashukuru mafundi, popote walipo. Nawashukuru wenye baa ya Njia Panda kwa friji, ambalo tunawahakikishia litarudi leo saa kumi kabla wateja wao hawajafika, pamoja na gemere ya tangawizi iliyomo, isipokuwa ile itakayonywewa na meza kuu. Namshukuru kijana aliyetuchorea jengo kwenye bango, ambaye alinakili kwa ustadi mkubwa hoteli aliyoiona kwenye kalenda. Nawashukuru wenye duka la mapambo kwa utepe, ambao wameomba usikatwe pabaya kwa kuwa una harusi Jumamosi. Na zaidi ya wote nawashukuru...

(Simu iliita tena. Safari hii hakuizima. Sijui kwa nini. Alisema, "Samahani, ni mtoto," akaiweka sikioni. Kipaza sauti kilikuwa bado kimebanwa kwenye kola. Yafuatayo yalisikika Morulane nzima, hata machungani kama alivyotaka.)

Wame, Papa yuko jukwaani. Nini? Usilie, sema taratibu. Tangu lini? Tangu asubuhi? Mbona hukuniambia asubuhi? Ah. Ndiyo. Ndiyo, mama, ulipiga. Ametapika rangi gani? Sawa. Sawa, mwanangu. Mfunike. Usimpe maziwa. Hapana, sijui umpe nini. Papa hajui. Nani? Mwalimu wako amesema nini? Amesema umlete kwenye kituo cha Papa.

(Aliutazama utepe, akalitazama bango, akayatazama makoti. Nadhani ndipo alipoona kuwa hayana watu.)

Hakuna kituo, mwanangu. Kuna utepe.

Hapana, sikudanganyi. Nisikilize, Wame. Papa ana hotuba, ana bango, ana friji lenye gemere. Hakuna kituo. Hakijawahi kuwepo. Usilie. Usilie, tafadhali, Papa anakuja. Sijui Papa atafanya nini, lakini anakuja.

(Sauti yake ilipasuka kwenye zile spika kubwa. Kgosi alizinduka. Ng'ambo ya barabara mstari wote uligeuka. Sitasema nilimhurumia. Nilimkumbuka wangu, na doa lake sikioni, na nilitaka kumwambia Rra Kebadire kwamba usiku wa kwanza ndio mbaya zaidi. Lakini kazi yangu ni kuandika.)

Mma Seipati, akipaza sauti kutoka ng'ambo: Rra! Unanisikia?

Nakusikia, Mma.

Mma Seipati: Chanjo zimeisha, na hata zingekuwepo, kwa mgonjwa hazifai! Lakini Rra Dikgang ana drip moja, nami nina maji ya chumvi na sukari na subira! Kuna chumba cha nyuma kwangu alipokuwa anaweka koleo marehemu, kiko mbali na hawa! Mlete! Siahidi kitu!

Na mtoto, Mma? Wame anaweza kuja naye?

Mma Seipati: Mtoto aje! Larona atakaa naye! Na wewe uje, kwa sababu atakayefua matambara yale usiku kucha si mimi! Ila viatu vyako viache huko huko, ulisimama zizini ulipofika ukipigwa picha!

(Rra Kebadire aliinama, akavua viatu, akavipanga chini ya meza kuu. Alikuwa na soksi za kijani zenye tundu kidoleni. Akasimama tena kwenye kipaza sauti, maana kilimfuata kila alipokwenda.)

Akina Rra na akina Mma. Na makoti. Nilikuwa nimebakiza kurasa saba. Mma Seipati, samahani kwa kukukata kauli. Naomba kuuliza tu. Na soksi pia nivue?

Mma Seipati: Na soksi, Rra! Ushaanza kujifunza!

(Alivua na soksi. Alimtuma dereva akamchukue Wame na Itifaki, naye akaelekea kwenye banda la kuku akikimbia kwa miguu mitupu. Hakuzunguka njia ya watu. Alipita katikati, na utepe ulimkaa tumboni, ukavutika, ukakatika, ukamfuata hadi barabarani. Nimetazama saa na kuandika: saa sita na dakika ishirini, kituo kimefunguliwa.)